Hamira ya Kaka Yako

Jumapili, 4 Februari

Wifi yangu,

Hujambo huko? Shemeji hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama sana kwenye cherehani? Mimi hapa ni mzima, ila mguu wa kushoto unavimba nikisimama sana kwenye pasi, na hilo kwa dobi si geni.

Najua ukiuona mwandiko huu utakunja uso. Hatujaandikiana tangu tulipomzika kaka yako, na sababu tunaijua sote wawili. Uliniomba shati lake moja tu, uwe unalinusa ukimkumbuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuyafua yote siku ile ile tuliyorudi makaburini, kwa sababu nikishikwa na huzuni mikono yangu hutafuta beseni. Ulinusa shati moja baada ya jingine, yote yananuka sabuni, ukachukua mkoba wako ukaondoka bila kuniaga. Sikuandikii ili tugombane tena juu ya hayo.

Nakuandikia kwa sababu ya chupa. Jana nilikuwa nasafisha jokofu, na nyuma kabisa nikaikuta chupa ya jamu yenye kifuniko chekundu. Chini yake limetulia tope la rangi ya maziwa, juu yake maji ya njano. Nilikuwa karibu kuimwaga. Nilipofungua kifuniko nikaisikia harufu yake, wifi. Ni yeye kabisa, Jumapili mchana, anatoka chumba cha nyuma mikono ya shati imekunjwa, anajifanya hakunisikia nikimwita. Nilikaa sakafuni mlango wa jokofu ukiwa wazi, baridi inaniangukia magotini, na sikujua nimekaa hapo kiasi gani.

Ni hamira yake, ile aliyokuwa akiibakiza kila akipika bia ili aanzie nayo safari nyingine. Katika vyote alivyovigusa, hiki ndicho pekee kilichobaki hai. Stoo bado kuna nusu gunia la kimea cha shayiri na mfuko wa yale maua makavu ya kutia uchungu. Mimi nilikuwa mtu wa kulalamika tu kwamba harufu inaingia kwenye nguo za wateja, sikujifunza hata kuchemsha. Wewe ndiye uliyejifunza pamoja naye kwa mama yenu. Nifundishe. Ikiamka, nusu ya hamira ni yako, maana alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu.

Wifi yako,
Dobi


Jumatano, 21 Februari

Wifi,

Barua yako imefika. Mimi ni mzima, shemeji yako ni mzima, mgongo ni ule ule. Pole na mguu.

Sikutaka kujibu. Barua nimeiweka chini ya mkasi, nikiuchukua mkasi naiona, nikiurudisha naiona. Sasa najibu, lakini usidhani yamekwisha.

Kimea kisage mpaka kipasuke tu, kisiwe unga. Kiloweke kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, ufunike sufuria kwa blanketi, uende zako ukafanye mambo mengine mpaka maji yawe matamu. Chuja. Maji hayo yachemshe pamoja na yale maua mpaka nyumba nzima inuke uchungu na majirani waanze kuuliza. Kisha yapoze, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, maana joto linaua hamira. Nawa vizuri, tumbukiza mkono. Usimimine kitu mpaka mkono usisikie joto wala baridi, uone kana kwamba haumo. Ndivyo mama alivyotufundisha, na kaka hakuwahi kutumia kipimo kingine.

Hamira yenyewe imekaa sana, imechoka. Usiigawe, maana ukiigawa zote mbili zitakuwa dhaifu. Mimina yote, koroga kwa mwiko, funika kwa kitambaa na kifuniko kisichobana, weka penye kivuli. Halafu usiwe mtu wa kufunua na kuchungulia kama anayekaanga mayai. Sikiliza tu. Baada ya siku moja mbili itaanza kusema yenyewe.

Mimi siwezi kuipikia hapa. Nashona magauni ya harusi, na satini nyeupe inashika harufu kuliko kitu chochote. Kwa hiyo chupa hiyo ndiyo yote tuliyo nayo. Nakuomba, taratibu.

Wifi yako,
Fundi


Jumapili, 3 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mguu umepungua kidogo, asante kwa pole. Ulivyoiandika ilikuwa imekauka kama biskuti, lakini nimeipokea.

Leo nimepika. Nimeamka mapema, nikafunga madirisha yote kwa kuogopa vumbi, nikasugua sufuria mpaka nikajiona uso. Mwiko wake sikuutumia, una utando mweusi unaotia kichefuchefu, nimenunua mpya. Nilipomwaga maji juu ya kimea, chumba kikajaa harufu ya mkate. Nilifunika blanketi, nikaketi kando ya sufuria kana kwamba nauguza mtoto. Jua lilikuwa likipita kwenye pazia, likasogea sakafuni mpaka likafika miguuni kwangu, na mimi sikufanya kazi yoyote. Tangu lini mimi nikakaa mchana mzima bila kufua hata soksi?

Nilionja. Ilikuwa tamu, wifi, tamu ya kumfanya mtu afumbe macho. Ndipo nikakumbuka kwamba kila alipopika alikuwa akiniletea kijiko cha hayo maji matamu pale kwenye pasi, na mimi nikimwambia aniondolee, nitachafua shuka za hoteli. Sikuwahi kuonja hata mara moja.

Baada ya maua kuchemka nilisubiri kama ulivyosema. Miwani ilikuwa bado inashika ukungu kidogo nilipoinama, lakini mkono ulipoingia haukusikia kitu. Si joto, si baridi, haumo kabisa. Nikaimimina chupa nzima, nikaisuuza kwa maji yale yale ili lisibaki hata tone. Nimeifunika na kuiweka chumba cha nyuma, pale pale alipokuwa akiiweka yeye. Sasa naandika mlango ukiwa wazi ili ikianza kusema niisikie.

Wifi yako,
Dobi


Jumamosi, 9 Machi

Wifi yangu,

Nisamehe salamu leo zinakuwa fupi. Hujambo?

Haisemi. Nimeweka sikio asubuhi, nimeweka sikio nikitoka kazini, hakuna kitu. Maji yametulia kimya, rangi ya chai, na juu hakuna povu hata la kufunika kidole. Nimejaribu kuiimbia. Usinicheke. Niambie nimekosea wapi.

Wifi yako,
Dobi


Jumatano, 20 Machi

Wifi,

Nimesoma barua zako zote mbili tena, neno kwa neno. Miwani ilikuwa inashika ukungu. Umeliandika mwenyewe na wala hukuliona. Maji yanayotoa mvuke wa kufunika miwani ni maji ya kuunguza mtu.

Mikono yako imeiva, wifi. Maisha yako yote iko kwenye maji ya moto na pasi. Kinachoitwa vuguvugu kwako, mwingine angepiga yowe. Umeipika hamira, yote, mpaka tone la mwisho.

Mara ya kwanza ulimfua kaka yangu. Sasa umempika. Usiniandikie tena.

Fundi


Jumapili, 19 Mei

Wifi yangu,

Hujambo? Mguu unaendeleaje? Mvua huko imekatika? Hapa imenyesha mpaka vitambaa vimekuwa na unyevu. Shemeji yako anakusalimia, na anasema mimi nina ulimi mbaya, na ameanza kuyasema hayo hata kabla hajavua viatu.

Nilikuambia usiniandikie, na umenitii, na utii wako unaniuma. Kila mpeleka barua akipita nanyanyua kichwa kwenye cherehani. Maneno yale niliyaandika kwa hasira na nikayapeleka posta kabla hasira haijapoa, na niliporudi nyumbani nikashindwa kula. Ni mimi niliyekuambia uimimine yote. Ni mimi niliyekuambia upime kwa mkono, wakati nimekuwa nikiiona mikono hiyo tangu ulipoolewa, ikitoa shuka kwenye pipa linalochemka bila hata kusitasita. Nilikuwa nakuandikia kana kwamba unayo mikono ya mama yangu. Nisamehe.

Sasa nisikilize. Juzi mchana nilisinzia juu ya meza ya kukatia, shavu kwenye satini. Nikaota niko chumba cha uani kwa mama, na mwanga wote una rangi ya bia. Kaka amelala chini, sikio ameliegemeza kwenye ndoo kama alivyokuwa akifanya. Nikamwambia aamke, mama anakuja. Hakufungua macho. Akaonyesha kwa kidevu tu nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na mwiko umening'inia, unadondosha tone, tone, tone. Niliamka nikiwa nimeacha alama ya mate kwenye gauni la mtu.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alikuwa na mwiko wa kazi hiyo moja. Hauingii kwenye sufuria inayochemka, unaingia wakati wa hamira tu. Ukitoka unakung'utwa na kutundikwa ukauke, na sabuni hauioni mpaka mwisho wa dunia. Hamira inalala ndani ya ule mti. Mwaka mmoja chungu chetu kilichacha vibaya tukamwaga kila kitu, tukalia. Mama alichukua mwiko akakorogea maji mapya, na ikaamka.

Kaka alipohama nyumbani aliuchukua mwiko ule, tukagombana, maana niliutaka mimi. Ule uliokutia kichefuchefu, wifi. Uko wapi? Umeuosha?

Wifi yako,
Fundi


Jumapili, 2 Juni

Wifi yangu,

Mimi ni mzima. Mguu ni mzima. Mwambie shemeji nimempenda bure.

Barua yako ya Machi ilinivunja moyo, sitakuficha. Niliisoma nimesimama, nikaenda nikaimwaga ile bia mfu kwenye mtaro, ndoo moja baada ya nyingine, na povu la sabuni ya jirani likaichukua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijikaza kisabuni. Kazini nimekuwa nikijitazama mikono. Ni kweli, imekufa ganzi. Juzi nilimshika mtoto wa jirani paji la uso kumwangalia homa, nikasema hana kitu, kumbe anawaka. Sikujua kwamba kuna vitu vyote hivi nimekuwa nikivigusa bila kuvisikia.

Mwiko uko nyuma ya mlango wa stoo. Sijauosha.

Si kwamba sikutaka. Miaka mingi iliyopita niliutwaa nikaupeleka kwenye beseni, maji yamekwisha kujaa. Kaka yako akanikuta. Hakupandisha sauti. Alinishika tu kifundo cha mkono, akasema, "Mama Sabuni, nyumba yote ni yako. Huu niachie." Nikamwachia. Siku ile tuliporudi makaburini nilifua mashati, mapazia, mpaka kapu la kuwekea vitunguu. Mwiko niliushika, nikaurudisha kwenye msumari wake. Sikujua kwa nini, nilisikia tu mkono wake pale kwenye kifundo.

Kimea kimebaki cha kupikia mara moja tu. Naogopa, wifi. Nitapima kwa nini?

Wifi yako,
Dobi


Jumatatu, 17 Juni

Wifi yangu,

Naandika mbio ili niwahi posta. Sote hatujambo.

Nimeisoma barua yako kwa sauti mpaka shemeji yako akatoka nje, akasema anaenda kuangalia kama mvua inanyesha. Ilikuwa hainyeshi.

Pima kwa shavu. Shavu lako halijawahi kufua nguo.

Wifi yako,
Fundi


Jumapili, 7 Julai

Wifi yangu,

Hujambo, na shemeji hajambo? Mimi sijui nisemeje nilivyo. Kaa kwanza kwenye kiti, usisome umesimama.

Nilipika kama mara ya kwanza, ila polepole zaidi. Nilipotoa sufuria motoni niliiacha. Nikafungua dirisha safari hii, mvuke ukatoka zake. Nilichota kijiko nikajipaka shavuni, nikaruka kama nimechomwa na sindano. Yale ambayo mkono wangu ungesema ni sawa, wifi, shavu liliyakataa kabisa. Nikasubiri, nikajipaka tena. Nikasubiri. Nyumba ilikuwa kimya, kuna njiwa tu alikuwa akitembea juu ya bati. Mwishoni nilijipaka nikangoja kusikia kitu, sikusikia, ikabidi nijiangalie kwenye kioo nione kama tone lipo. Lilikuwa linashuka kwenye kidevu.

Nikayamimina maji kwenye ndoo, nikauchukua mwiko. Nilikoroga taratibu, na ule utando mweusi ukalegea, ukaachia mawingu madogo ndani ya maji. Nikaukung'uta, nikauegemeza kando ukauke, nikafunika, nikaondoka chumbani kinyumenyume.

Kesho yake kimya. Iliyofuata kimya. Nilikwenda kazini nikapiga pasi shuka za hoteli huku mawazo yote yako chumba cha nyuma, na mkuu wa zamu akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa nilirudi mchana. Sikuwa nimetua hata kapu. Niliisikia kutoka mlangoni, blup, halafu kimya, halafu blup, kama mtu anayeongea usingizini. Nilivua viatu nikaenda kwa ncha za vidole. Nikatandika mkeka kando ya ndoo, nikaweka sikio pale alipokuwa akiweka lake, na ndani kulikuwa na minong'ono mingi, midogo midogo, haina maneno na haina haraka. Nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu miaka nenda rudi kwa kulala chini mchana wakati mimi nahitaji mtu wa kunisaidia kuanika. Nikalala na mimi. Ulikuwa usingizi mzito ambao sijaupata tangu afe.

Kilichoniamsha ni unyevu kiwikoni. Povu lilikuwa limeinua kifuniko, linashuka ubavuni mwa ndoo, limefika kwenye mkeka. Nilikurupuka nikashika kilichokuwa karibu, nikapangusa sakafu, nikapangusa ndoo, nikapangusa mwiko. Nilipomaliza ndipo nikaona ni shati lake la buluu. Ndilo ninalolivaa nikiwa nyumbani. Nimekwisha kulifua mara nyingi mpaka kola imekuwa laini kama sikio, na halikuwa na harufu ya mtu yeyote.

Mikono yangu unaijua. Ilikwisha kulikamua, ilikwisha kufika bombani, bomba limefunguliwa, sabuni iko kiganjani. Sijui nini kilinifanya nilinyanyue kwanza usoni.

Alikuwa humo, wifi. Siyo kumbukumbu yake. Yeye, Jumapili mchana, mikono ya shati imekunjwa. Nilisimama pale maji yakimwagika, nikamwambia mambo mengi ambayo sitakuandikia. Halafu nikafunga bomba.

Nimelianika ndani, kivulini, mbali na kazi zangu. Bia nitaitia kwenye chupa ikiacha kusema, na tope la chini nitaligawa kwenye chupa mbili za jamu, moja yako, moja yangu. Mwiko uko kwenye msumari wake. Lakini harufu haingoji mpaka tuonane, kwa hiyo shati nakutumia kesho posta ikifunguliwa tu, nimelifunga kwenye nailoni mara mbili.

Nilikunyima moja wakati ule. Hili hapa. Sijalifua.

Wifi yako,
Mama Sabuni


Jumatano, 24 Julai

Wifi yangu,

Kifurushi kimefika salama. Hali zetu nzuri, na yako naiombea iwe hivyo.

Nilikifungulia mlangoni, sikuweza kungoja kukaa. Kulikuwa na mteja ndani amesimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini, akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango, nikajifunika shati uso mzima, nikamlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza sawasawa. Siku ya mazishi sikulia, nilikuwa na shughuli ya kukuchukia. Mteja wa watu alijitoa pini mwenyewe akaenda zake.

Sasa liko kwenye droo peke yake, mbali na satini. Jioni nikimaliza kazi nalifungua kidogo, halafu nafunga. Shemeji yako naye aliniomba anuse. Nimemruhusu mara moja.

Kishikizo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshikwa na uzi mmoja tu. Nimekikaza. Zaidi ya hapo sijaligusa.

Nimewaambia wateja nafunga, nakuja mwisho wa mwezi. Chupa ya bia isifunguliwe kabla sijafika, na chupa yangu ya jamu iweke nyuma kabisa ya jokofu, pale pale alipokuwa akiiweka. Unionyeshe na huo mwiko, nina hamu ya kuushika tangu tulipogombania. Nitandikie popote, hata kwenye mkeka kando ya ndoo, nitafurahi.

Ila maji yangu ya kuoga nitajipimia mwenyewe.

Wifi yako akupendaye,
Fundi